Fundi Madoa

"Kwenye nyasi hakuna mtu," Fundi Madoa alisema kwenye simu. "Nenda mtoni, kaka."

"Una hakika?"

"Nimezipitia picha zote. Nenda!"

Kaka yake alikuwa na watu sita tu, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mto ulikuwa upande huu, mteremko wa nyasi upande ule. Pande zote mbili wasingeziwahi. Baba yao, ambaye siku hizi alikuwa akisahau hata njia ya chooni, alitoka nyumbani alfajiri ya jana na koti lake jeusi, na tangu hapo kimya.

Walinzi wa msitu ndio waliotuma picha. Zilipigwa na kamera ya mnarani, inayopiga yenyewe kutwa nzima huku imeukodolea macho mteremko. Wakamtumia yeye kwa sababu ndiye mwenye macho makali. Pale studio ya picha anakofanya kazi walimwita Fundi Madoa: harusi nzima ingepita mikononi mwake na isibaki chunusi hata ya dawa.

Kila picha aliitolea nakala pepe, ile isiyo faili jipya bali picha ileile iliyobadilishwa nguo. Moja ya kung'arisha vivuli, moja ya kukoleza rangi. Alirekebisha ya kwanza, akayanakili marekebisho yake, akayabandika kwa zote kwa mpigo. Ndivyo kazi inavyokwenda. Nani ana muda wa kuosha picha mojamoja? Nyasi, mawe, nyasi tena. Alikuza huku machozi yakimtoka.

"Baba jamani, uko wapi? Si nilikwambia?"

Alimwambia kila asubuhi, akimfunga vifungo vya koti: "Ukipotea usihangaike. Kaa hapohapo, mimi nitakuja kukuchukua." Na mzee aliitikia kwa utii, "Haya, mama."

Simu ililia. Alikuwa mlinzi wa mnara.

"Dada, picha zimesaidia?"

"Wapi! Ahsanteni, lakini hiyo kamera yenu isafisheni, ina vumbi. Nimelifuta kwenye picha ya kwanza ndipo likatoka kwa zote."

"Vumbi? Kamera mpya hiyo, dada. Tumeifunga juzi."

"Ninakwambia lipo. Doa jeusi, kila picha, mahali palepale..."

Akaiweka simu mezani. Fundi Madoa aliyaondoa marekebisho yote, picha zikarudi kama zilivyozaliwa. Akaikuza ya kwanza, kisha iliyofuata, kisha iliyofuata.

Doa lilikuwa limekaa kitako juu ya jiwe, mikono magotini, wala halikusogea kutwa. Katika picha ya mwisho lilikuwa limelala.