Mkwe wa Kufikika

"Ijulikane kwa walio karibu na walio mbali," alitangaza Mama Naliaka, amesimama wima sebuleni kwake mtaani Landless, Thika, "kwamba nyumba hii haitoi tena binti kwa mtu wa ng'ambo. Mkwe wangu anaishi Kamakis. Nikisonga ugali, atafika kabla haujapoa."

Ugali huo ulikuwa umesongwa mara mbili tangu asubuhi, na mara mbili umepoa.

Wageni walipiga makofi ya njaa. Walijua sheria hiyo ilikotoka. Viola, binti mkubwa, aliolewa na kijana aliyekwenda Dubai akiahidi kurudi Krismasi. Hakusema ya mwaka gani. Hapo Mama akala kiapo: Naliaka ataolewa na mtu wa kufikika, au asiolewe kabisa.

Njau, mchumba wa Naliaka, alikuwa wa kufikika. Kutoka Kamakis hadi Landless ni nusu saa, ukikosa jam ya magari. Ila tangu akutane na Naliaka kwenye harusi moja Ruiru, mwaka juzi, hakuwahi kukanyaga Thika. Kazi, alisema. Tena kila Mama alipomwona kwenye video, hata jua la alasiri likiwaka, kwake kulikuwa giza totoro. Stima zimepotea, alisema. Mama aliuhurumia sana mtaa wake.

Leo alikuwa njiani kuja kujitambulisha. Mama akampigia.

"Uko wapi, kijana?"

"Juja, mama. Nimekaribia kabisa."

Wakangoja. Akampigia tena.

"Kamakis, mama. Kuna jam mbaya."

Mjomba Khisa alitoa kijiti mdomoni. "Dada, huyu anaendesha gari kinyumenyume?"

Naliaka alikuwa akichunguza kucha zake.

Mara ya tatu Mama aliweka simu kwenye spika. Mngurumo mzito ukajaa sebule.

"Ni nini hicho?"

"Lori, mama. Limesimama hapa kando yangu."

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika, tamu kama ya mtu anayebembeleza mtoto: angependa kuku au samaki? Halafu, kwa upole uleule, ikamwomba anyooshe kiti chake.



"Ameoa," Mjomba Khisa alihukumu. "Mwanamume haambiwi namna ya kukaa ila na mkewe."

"Njau," Mama alisema polepole, "nina miaka thelathini ndani ya ndoa, na sijawahi kupika kuku na samaki siku moja. Huyo mke wako ni wa aina gani?"

"Si mke, mama."

"Naliaka, vua hiyo leso mpya, uipange kabatini." Akaisogeza simu mdomoni. "Na wewe, sema ukweli sasa hivi, ama nikate hii simu pamoja na uchumba."

Lori liliendelea kunguruma.

"Mama," Njau alisema, "huyo ni mhudumu wa ndege, anasukuma kigari cha chakula, na bado ana watu mia wa kulisha. Nilitoka Melbourne jana, ambako alasiri yenu ni usiku, kilomita elfu kumi na moja na ushei, na hapa chini yangu ni bahari tupu mpaka tukaribie Nairobi, saa tatu zijazo. Lakini tiketi, mama, nilikata ya kuja tu."