Upande wa Pili wa Bendera

Balozi na watu wake waliondoka saa nne asubuhi, baada ya nchi mbili kuvunja uhusiano. Mlinzi Shekue aliachiwa agizo moja: jua likizama, aishushe bendera kwa mara ya mwisho, aikunje, aiweke ndani, afunge ubalozi.

Kuishusha hakukumshinda. Ila bendera ile haikuwahi kugusa chini, na ilikunjwa na watu wawili. Kwa miaka kumi na tisa mwenzake alikuwa karani mgeni, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "polepole". Kila jioni kila mmoja alishika pembe zake mbili, wakasogeleana hadi vidole vikagusana.

Sasa nje ya lango kulikuwa na askari mmoja tu.

"Afande Kibwana," Shekue aliita, "nishikie upande huu."

"Mzee wangu, unataka nifukuzwe kazi? Wale si wenzetu tena. Ikunje vyovyote, nani anakuona?"

"Najiona mwenyewe."

"Basi utakesha nayo."

Shekue alisimama ameikumbatia, mikono ikaanza kuchoka, na pembe moja ikawa inateleza kuelekea vumbini.

Afande alimtazama kwa muda. Kisha akageuka, akaitazama barabara tupu, akaegemeza mgongo kwenye lango na kuipenyeza mikono nyuma, kati ya nondo, viganja vikiwa wazi.

Shekue akaanza kumwendea, polepole.