Mbwa wa Nyumba Mbili

Melkiades alikuwa amechimba shimo la kufika magotini, kwenye michikichi yake kijijini Kizuka, wakati jirani yake, mjane wa Kiislamu, alipofika akilia. Mbwa wake aliyekufa alikuwa amelazwa kando, sikio moja limekunjika.

"Mama, na wewe unamlilia mbwa?"

"Mwalimu, acha. Kila ukienda shule, alikuwa kwangu."

"Alikuwa analinda nyumba yangu."

"Alikuwa analinda kivuli cha jiko langu!" Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Nilimpa ugali na kichwa cha samaki mukeke. Akimaliza, naosha sahani mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini yetu inavyoagiza. Miaka sita, mwalimu."

Melkiades alipiga hesabu. Mbwa alikuwa na miaka saba. Yeye alimtupia makombo mlangoni, na hakuwahi kumwoshea chombo hata siku moja.

Mama alichutama, akalinyoosha lile sikio kwa vidole viwili, kama mtu aliyezoea.

Melkiades aliona wivu.

"Ulikuwa unamwitaje?"

Mama alimtajia. Halikuwa jina alilompa yeye.

Melkiades alimshusha mbwa shimoni, akaanza kufukia upesi, kabla yule mama hajalirudia.