Hewa Safi Asema Ukweli

"Sema tena," mkewe alimwambia. "Chumba hiki kinavuja."

"Chumba hiki," mume alisema, akameza mate, "kiko karibu na maji."

Mkewe alimtupia tambara.

Alikuwa dalali wa nyumba. Mtaa mzima ulimwita Hewa Safi, kwa sababu hakuna chumba alichowahi kumwonyesha mteja kikakosa hewa safi, hata vile visivyo na dirisha. Ulimi huo uliwalisha miaka yote. Kisha siku moja alikuwa anampandisha mteja katika jengo ambalo halijakamilika, akageuka nyuma ili amsifie ngazi, na ngazi ikaishia hapo. Mguu ulivunjika vibaya. Mteja alipanga kwingine.

Dalali hula kwa miguu. Mguu ukiwa ndani ya plasta, sufuria nayo hulala kifudifudi. Kodi ilisimama. Mwenye nyumba, mama asiyependa maneno mengi, aliwapa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo chumba ni cha mwingine.

Tumaini lililobaki lilikuwa mfuko. Watu wanaokula kwa nyumba za wengine, madalali, wapaka rangi, walinzi wa majengo, walikuwa wamechanga na kuanzisha mfuko wa kuwashika mkono wenzao waliokwama. Mfuko ungelipa kodi mpaka mguu upone. Ila wenye mfuko wanajuana: neno la dalali haliaminiki hata akiwa kitandani. Hutumwa mtu, aje aone kwa macho yake. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuja.

"Mtu anakuja kuona shida," mkewe alisema, "na wewe utamwonyesha dirisha. Nakujua. Mficha uchi hazai, baba."

"Siwezi kukisema chumba vibaya, mke wangu. Naona kama namtukana mgonjwa."

"Kizuri chajiuza. Hiki kiseme kilivyo."

"Kizuri kingekuwa kinajiuza, mimi ningekula nini miaka yote?"

Hodi ikapigwa.

Mlangoni alisimama mwanamume mpole, shati limechomekwa vizuri, kofia mkononi. "Samahani," alisema. "Nimetumwa nije kukiona chumba."

"Tulikuwa tunakungoja, kaka." Hewa Safi alijiinua kwa mkongojo. "Karibu ndani. Chumba kina hewa..."

Mkewe alikohoa.

"...nzito," alimalizia, jasho likimtoka. "Nzito kabisa."

Mgeni aliinua macho. "Na hilo bati?"

"Linavuja." Neno lilitoka kama jino linavyong'olewa. Lilipotoka hilo, mengine yakafuata yenyewe. "Linavuja hapa, na pale, na mvua ikija kwa upande wa barabara, linavuja hapo uliposimama."

Mgeni akasogea. "Maji ya kutumia je?"

"Ya kutoka juu ni mengi. Ya bomba ni bahati."

"Kitanda cha watu wawili na kabati vinaenea?"

"Vinaenea, shemeji," mke alijibu, "ila havitulii. Mvua ikinyesha tunavisukuma huku na huku mpaka tupate pembe kavu. Ikikosekana, tunakaa juu ya kabati."

"Na majirani?"

"Upande huu seremala," alisema Hewa Safi. "Huanza kugonga kabla jogoo hajaamka. Upande ule kuna kijana anajifunza tarumbeta. Bado hajaweza."

Mgeni alishusha sauti. "Mwenye nyumba ni mtu wa namna gani?"

"Ukimwambia bati linavuja," mke alisema, "anakuuliza kama wewe ni sukari."

Sasa Hewa Safi alikuwa amewaka. Hakuwahi kujua kwamba ukweli nao una utamu wake. Alimpeleka mgeni kwenye ufa wa ukuta, akamshika mkono, akamtumbukizia kidole ndani ili aone unavyokwenda mbali. Alimwonyesha tundu chini ya mlango. "Hapa anapita panya," alisema. "Yeye ndiye mpangaji wa zamani. Sisi tumemkuta."

Mgeni alitoa leso, akajifuta uso. "Jamani, mnaishije humu?"

"Ndiyo hivyo unavyotuona, kaka. Uamuzi tunakuachia wewe."

"Mimi nimeshaamua." Akawashika mikono wote wawili, muda mrefu, kama yuko msibani. "Poleni sana. Mungu atawafungulia mlango."

Akavaa kofia, akatoka. Nje, hatua zake zilisikika zikiongeza mwendo.

Mke alijitupa kitandani, akacheka mpaka kitanda kikalia. "Umemliza mwanaume wa watu."

"Na sikusema uongo hata mmoja," Hewa Safi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeanguka, akajipapasa, akajikuta mzima. "Unadhani watalipa?"

"Kwa uso ule alioondoka nao? Watalipa mpaka ya mwakani."

Hodi ikapigwa tena. Mlangoni alikuwa mama mmoja mnene, anahema, beji ya mfuko imening'inia kifuani.

"Samahani, wanangu, mimi ndiye niliyetumwa na mfuko," alisema. "Nimecheleweshwa hapo kwenye kona. Kuna bwana mmoja wa kofia, nimemwuliza chumba hiki kiko wapi, amenizuia njia, anataka kulia, ananiambia: mama, kama na wewe mwenye nyumba amekutuma ukaone kile chumba cha kupanga, nakuomba, rudi ulikotoka."