Damu ya Mkuu

Haya aliniambia binti yangu Mwantumu juzi jioni, tukichambua mchele. Yeye ni mkuu wa maabara ya hospitali, kasoma mpaka kaota mvi. Na siku hizi damu ya mkuu ndiyo kipimo: inayofanana na yake ni ya mzima wa afya, isiyofanana ni ya mgonjwa.

"Mama, wodi ya homa imebaki tupu. Wote wameonekana wazima."

"Umewaponya kwa kuwatazama, mwanangu?"

Hakucheka. "Wanafunzi wangu wanaocheza mpira kila siku, hao ndio wameonekana wagonjwa."

Nikamgusa paji la uso. Lilichoma kama chungu kilichotoka jikoni.

"Na wewe, nani atakupima?"

"Nitapimwa kwa damu yangu, Mama. Nitaonekana mzima."

Nikamfunika kanga mbili. Akatetemeka, akatetemeka, mpaka usingizi ukamchukua.