Mkaguzi wa Chumba cha Juu

Mgeni aliinua pembe ya shuka, akainusa. Akafungua kabati, akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama. Kisha akamgeukia Bi Masouda aliyesimama mlangoni na taulo mkononi.

"Unafukiza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Udi, na asumini kidogo."

"Haya," alisema mgeni, akalifunga kabati.

Bi Masouda alishuka ngazi akiwa bado na taulo. Huyu ndiye. Mwaka ule wa 1998, nyumba mbili za zamani za kulaza wageni, pale pale mtaa wa Mutrah nyuma ya soko, zilikuwa zimeshafungwa tangu Ramadhani. Watu walisema mkaguzi wa serikali haji na barua. Anakuja na begi lake, analipa, analala, anaondoka. Wiki ya pili kufuli inaning'inia mlangoni.

Ya Bi Masouda ilikuwa ya tatu, na ya mwisho. Watalii waliokuja kuona ngome na mji wa kale waliipenda kwa boriti zake na ua wake wa ndani. Marehemu mumewe hakumwachia kitu kingine. Ikifungwa, atakwenda kukaa kwa shemeji yake, mtaa wa Wadi Kabir, chumba cha uani, awe mtu wa kuulizwa kila siku kama ameshakula. Heri afe.

Mgeni alijiandikisha kwa jina la Kheiria, mkaazi wa Bawshar. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho. "Nyumba yangu inapakwa rangi," alieleza. Bawshar ni mwendo wa nusu saa kwa gari, na huko kuna ndugu, kuna majirani, kuna hoteli mpya zenye lifti. Nani ataacha yote hayo aje Mutrah kuhangaika na ngazi zilizosimama kama ukuta? Uongo mwingine hata haujitahidi.

"Shangazi, mchangamkie," alinong'ona Shahad, binti wa kaka yake, aliyekaa mapokezi.

"Nimchangamkie nini? Yule kaja kunizika."

Alasiri Kheiria aliingia jikoni bila hodi. Akauliza nani anapika. Akaonja mchuzi wa changu, akaonja tena. Kisha akauliza kama Bi Masouda ana presha, kama ana sukari, na kama magoti yanamuuma akipanda juu.

"Goti moja," alijibu Bi Masouda. Kusema uongo alikuwa hawezi, na hilo lilikuwa limeshamponza mara nyingi.

"Na hasira?"

"Hasira za nini, bibi?"

"Mtu akikuudhi, unamfanyaje?"

"Nnamwambia. Kisha nnampikia chai."

Kheiria alitikisa kichwa polepole, isijulikane kama amekubali au amekataa. Baadaye Shahad alimsikia akizungumza kwenye simu ya mapokezi: "Vyumba nishaona. Jikoni pia. La, hajui kitu. Kesho nnamwambia mwenyewe."

Shahad alimfikishia shangazi yake neno kwa neno, naye Bi Masouda akakaa juu ya gunia la mchele na kulia.

Asubuhi alitandika meza kama ya sikukuu: mahamri, mbaazi za nazi, kahawa yenye iliki. Kama ni kufungiwa, basi afungiwe mtu akiwa ameshiba. Kheiria alikula taratibu, akanawa, akaweka ufunguo wa chumba mezani.

"Bi Masouda, kaa kitako. Mie nimetumwa."

"Nnajua umetumwa." Hofu ya tangu jana ilikuwa imeshageuka kitu kingine, na safari hii hakutaka kukizuia. "Nnajua tangu uliponusa shuka. Sasa nisikilize na mie, mwanangu. Dari ya chumba cha nyuma inavuja, kweli. Ngazi mbovu, kweli. Lakini hapa nimeishi miaka ishirini na sita, na jeneza la mume wangu lilitoka kwa mlango huu huu. Wende ukawambie waliokutuma: Masouda hatoki. Waje na barua, waje na askari, hatoki."

Shahad alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kheiria alimtazama yule mama aliyesimama mbele yake, birika la kahawa mkononi.

"Hilo hatukulifikiria," alisema. "Tangu mama afariki, nia ya baba ni apate mke wa kumpeleka Bawshar. Ngoja nimpigie simu, nimuulize kama yuko radhi ahamie huku yeye."