Mimba ya Shangazi

Daktari wa mifugo alimwinua paka mkia, akacheka. "Mama, huyu ni dume."

Fundi cherehani aliinama kujionea. Paka wake alimwita Shangazi, na tumbo lilipomjaa, aliwashonea watoto watarajiwa kigodoro cha mabaki ya vitambaa.

"Sasa hilo tumbo?"

"Minyoo. Ona mbavu zilivyomtoka. Na hii hapa." Chini ya mkia palinata kitu kama punje ya mchele. Punje ikajikunja.

Fundi akauliza, "Atapona?"

"Atapona. Mshike."

Kidonge kikaingia, kikatemwa, kikaingia tena. Fundi akamfumba mdomo, akampapasa koo kwa kidole kilichokomaa kwa sindano, mpaka paka akameza.

"Kigodoro utakilalia mwenyewe," alimnong'oneza. "Twende nyumbani, Mjomba."